Mlima wa Maboksi ya Viatu

Kwanza niliweke hili wazi, baadaye mtu asije akanivunjia heshima: kwa mambo ya Guangzhou, mimi Burhani wa Mbagala niliwatangulia wengi. Mwaka wa tisini na sita, hawa vijana wanaojifanya wenyeji leo walikuwa bado wanafutwa kamasi, na mimi nilikuwa nimeshaijua barabara ya Guangyuan Xilu kama ninavyojua mfuko wa suruali yangu. Nilijua ghorofa lipi lina masweta na lipi lina jinzi. Nilijua laoban yupi, yaani tajiri wa duka, anacheka kabla ya kukuumiza, na yupi anakuumiza bila hata kucheka. Kichina nilikuwa na maneno arobaini nikayatumia kama mia nne. Shuleni niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe tuliachana kwa makubaliano.

Lakini leo sikukaa hapa kujisifu. Vumilieni, nitajisifu kidogo njiani, maana ni ugonjwa. Leo nataka kumsifu mtu mwingine, tena Mnyamwezi, jambo ambalo Mzaramo mwenye akili zake halifanyi hadharani. Wale ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mzaramo akifa, Mnyamwezi anakuja msibani kumcheka marehemu mbele ya wajane, na sisi tukipata nafasi tunalipiza. Basi mkinisikia namsifu Mnyamwezi, mjue yamenifika shingoni.

Jina lake Eliudi. Mrefu, mkavu, anachechemea mguu wa kulia, na maneno yake kwa siku nzima yanaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Nilimwokota Kariakoo akifunga marobota, na robota alilofunga Eliudi unaweza kulitupa kutoka ghorofa ya nne likafika chini limetulia. Mwezi wa kwanza mwaka wa tisini na nane nikamleta Guangzhou anisimamie ufungaji wa mizigo kwenye stoo yangu, nyuma ya masoko ya nguo. Siku alipofungua begi lake nikaona Biblia, sweta moja, na kifuko cha kitambaa kimejaa majivu.

"Majivu ya nini, mtani? Umekuja kuniloga ugenini?"

"Ya kuangalia upepo. Ukikitikisa kifuko, vumbi linakuonyesha unakoelekea."

"Stoo yenyewe haina dirisha. Upepo utautoa wapi?"

"Upepo haukosekani," akasema, "penye mtu anayesema sana."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeleta mtu.

Kumbe huyu bwana, kabla ya kuwa mfunga marobota, alikuwa mfuata nyayo kwenye pori la Ugalla, huko kwao Tabora. Miaka ishirini aliwatangulia wawindaji wa Kizungu porini, akisoma alama za kwato kama shehe anavyosoma msahafu. Mmoja wa wateja wake alikuwa mzee wa Kimarekani aitwaye William, aliyekuja karibu kila mwaka hata akajifunza Kiswahili, Kiswahili cha porini, kisicho na adabu wala ngeli. Mwaka wa tisini na moja nyati alimkamata Eliudi akamvunja nyonga. Gari lilikuwa mbali. Mzee William, naye wakati huo ana miaka sitini na miwili, akamtia mgongoni akamchukua tangu asubuhi mpaka jua likapinduka.

"Alikuwa anahema kama mvukuto," Eliudi aliniambia mara moja tu. "Kila akisimama anasema, 'Eliudi, wewe hapana kufa.' Nikaona aibu kufa."

Akapona, lakini nyonga haikurudi. Pori likamwambia kwaheri, akaenda Dar kwa dada yake Buguruni, na huko ndiko mizigo ilikompokea.

Mimi binafsi nilimjua ni nani wiki ya pili tu baada ya kufika. Mke wangu Fathiya alikuwa amekuja China kwa mara ya kwanza, nami nikamchukua Liuhua, Eliudi akiwa nasi, kwenye masoko ya viatu yanayozunguka stesheni ya treni. Sasa fikirieni: ni siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Wachina, nchi nzima inarudi kwao, na uwanja wa stesheni umejaa watu mpaka ardhi haionekani. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikauachia kidogo nigeuke kubishania makubadhi. Nikarudisha mkono, hewa.

Fathiya hana neno la Kichina. Hana anwani. Mimi nikaanza kukimbia huku na huko napiga kelele kama muuza maji. Eliudi akapanda juu ya robota la mtu, akasimama kimya anatazama.

"Mnyamwezi! Shuka umtafute mtu!"

"Nyamaza kidogo, unanichafulia."

Nikamtukana, siwafichi. Baadaye kidogo akanyoosha kidole. "Watu hawa wanakwenda kama maji. Tazama pale kwenye nguzo. Maji yanapinda, pana jiwe. Katika uwanja huu asiyekwenda popote ni mkeo peke yake."

Tukasukumana mpaka pale. Fathiya alikuwa amesimama, mkoba kifuani, machozi yanamtiririka. Aliponiona akayafuta haraka akasema, "Umemaliza kununua makubadhi?"

Tangu siku hiyo, Fathiya akipakua, sahani ya kwanza ni ya Eliudi. Mimi ni wa pili nyumbani kwangu mwenyewe, na sijawahi kulalamika.

Mwezi wa saba ikaja bahasha nene kutoka Marekani. Mzee William alikuwa ameandika Buguruni, dada mtu akampa anwani yetu na namba ya faksi ya duka la jirani. Ndani mlikuwa na ramani yenye mistari mingi kama kiganja cha bibi kizee, picha sita, na barua. Eliudi alisoma mpaka la tatu, kwa hiyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi:

"Eliudi rafiki. Mimi sasa mzee. Mwaka kumi na saba mimi naomba kibali ya kondoo ya mlima, ile ya pembe kubwa. Kila mwaka wao sema hapana. Mwaka hii wao sema ndiyo. Hii moja tu, mpaka kufa. Kuwinda ni mwezi ya kumi. Daktari anasema moyo yangu mbaya, naweza panda mlima mara moja, mbili hapana. Mtoto yangu atakuja na mimi lakini yeye hajui nyama. Wewe tazama picha. Wewe sema mimi napanda upande gani."

Kwao kondoo hao ni wachache, na vibali vinatolewa kwa kura. Kuna watu wanaomba maisha yao yote wanazikwa hawajapata.

"Kondoo!" nikasema. "Si aende buchani?"

Eliudi akanisukumia picha. Wanangu, yule si kondoo wa Idi. Mwili kama ndama, kifua cha mpiga ngumi, na pembe zimejikunja mara moja nzima kando ya uso, nene kama ngata mbili za kubebea ndoo. Amesimama kwenye mwamba ambao mimi nisingesimama hata kwa deni la damu.

"Ni mbuzi mawe tu huyu," Eliudi akasema taratibu, "ila amelishwa vizuri."

"Mjibu mwambie hapana. Mlima huo hujauona. Barafu umeiona kwenye samaki wa soko la Feri tu. Utamwongozaje mtu kutoka hapa?"

"Alinibeba," akasema.

Nami nikafunga mdomo, jambo ambalo Fathiya aliandika tarehe yake ukutani.

Sasa wale mafundi wa pori wanapanga mawindo yao hivi: wanachora nchi chini, mchangani, kilima hapa, mto pale, halafu wanazunguka ule mchoro na kuutazama kutoka kila upande, kwa macho ya mnyama. Stoo haikuwa na mchanga. Ilikuwa na maboksi mia tatu ya viatu vya kike yanayosubiri kontena la mwisho wa mwaka. Mimi ndiye niliyemweleza ile mistari ya ramani, maana ni jambo pekee la jiografia ninalolikumbuka, nilichapwa kwa ajili yake: mistari ikibanana ni ukuta, ikiachana ni mteremko. Basi tukaupandisha mlima. Boksi juu ya boksi, safu juu ya safu, mpaka kilele kikanifika kidevuni. Kutoka Shiling, mji wa mafundi wa mikoba ninakonunua mabegi, nikaja na gunia la vipande vya ngozi, vya kijani tukavifanya miti, vyeusi majabali. Mlima ulilala kama ng'ombe, kichwa mashariki, mkia magharibi. Ubavu mmoja umetazama kusini, mpana, mteremko wa taratibu na nyasi. Ubavu wa pili umetazama kaskazini, mkali, mawe matupu na msitu wa giza, na chini yake kijito. Eliudi akawasha feni, akatikisa kifuko chake cha majivu, akawa anatazama vumbi linavyopanda mlima wa viatu.

Wapagazi wa Kichina wakawa wanakuja kuchungulia. Mmoja akaondoka, akarudi na chenza, akaliweka kileleni kwa heshima zote, akainamisha kichwa. Alidhani ndiyo dini yetu. Eliudi akangoja aende zake, akalimenya akala.

"Mlima umeshukuru," akasema.

Baada ya wiki tatu akawa na neno. Kwetu, alisema, mwezi wa kumi jua linapita utosini, linazichoma pande zote mbili za kilima sawasawa. Kwa hiyo mnyama hafuati jua, anafuata maji na kivuli. Maji na miti viko kaskazini, basi kondoo watakuwa kaskazini. Mzee William apande ule ubavu wa kusini, wa taratibu, moyo wake usiteseke, afike juu awachungulie wakiwa chini yake. Safi kabisa. Nikaandika. Mwishoni nikaongeza kidogo: "Nami Burhani, mwindaji mashuhuri wa pwani, naafiki."

"Nisomee," Eliudi akasema. Nikamsomea.

"Umewinda nini wewe?"

"Panya. Hapa hapa stoo."

"Futa."

Nikafuta, tukapeleka faksi, na mwezi wa nane ukapita kila mtu ana raha.

Katikati ya mwezi wa tisa, Fathiya akasema Eliudi hawezi kuendelea kulala stoo, nyonga inamuuma kwa unyevu, nimtafutie chumba. Nikapanda kwa mama mwenye nyumba, ghorofa ya sita ya jengo lile lile la stoo. Alikuwa na vyumba viwili vinatazamana, ukubwa mmoja, kitanda kimoja, rangi moja ya ukuta. Kimoja anakitoza kodi kubwa kuliko kingine! Nikamuuliza kwa nini. Akanishika mkono. Kwenye dirisha la chumba cha ghali alikuwa ameanika maganda ya machenza, yamekauka yanalia kama mabati. Akanivusha ukumbini, kwenye chumba cha rahisi: maganda mengine, laini, yameanza kuota ukungu. Akaonyesha jua, akachora kwa kidole njia yake ya kipupwe, chini chini upande wa kusini, akajikumbatia akatetemeka. Huku linaingia mpaka kitandani. Kule haliingii kabisa.

Nikashuka nacheka mpaka natafuta ukuta wa kujishikiza.

"Mtani, watu hawa! Wanakupangisha chumba, na jua wanakupangisha kando!"

Eliudi alikuwa anakaza kamba ya robota. Mikono ikasimama.

"Jua linaingia dirisha la upande gani?"

"Kusini."

"Na la kaskazini?"

"Halioni kitu. Maganda yameoza."

Akaiachia kamba. Akapanda zile ghorofa sita kwa mguu wake ule, mimi nyuma, akaingia chumba cha kusini akasimama. Ilikuwa saa sita mchana juu ya alama. Mwanga ulikuwa umeingia hatua moja ndani, umelala sakafuni. Akatoka, akapanda hadi kwenye paa, akatazama kivuli chake.

"Mtani," akasema, "kwetu saa hizi unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Hiki changu kimelala kaskazini."

Mtauliza, miezi yote hiyo hakuona? Alikuja wakati wa mawingu na manyunyu ya Guangzhou, wiki kwa wiki hujui jua liko wapi. Na tulipojenga mlima ulikuwa mwezi wa saba, jua la hapa wakati huo liko utosini kama la Tabora. Mimi niliyekaa miaka miwili ndiye niliyepaswa kujua, lakini mimi natazama viatu.

"Huko kwa Mzee William ni kaskazini kuliko hapa?"

Nikatazama ramani ya dunia kwenye kalenda. "Mbali zaidi."

"Basi huko mwezi wa kumi ubavu wa kaskazini hauoni jua. Asubuhi yenye barafu, kondoo watalala wapi?"

"Kwenye chumba cha ghali," nikasema. Na kicheko changu kikafia hapo hapo, maana nilimwona usoni.

Ule mteremko mzuri, wa taratibu, tuliomchagulia mzee, ndio kitanda chao. Wangemwona akija tangu alfajiri. Na jua likishaupasha ubavu, hewa ya moto inapanda, inawapelekea harufu yake puani. Wangeondoka hajafika hata robo. Na moyo ule una safari moja tu.

Eliudi akakaa juu ya robota, mikono kichwani. "Aliyenibeba," akasema, "nimemwongoza kama kipofu."

Basi tukapeleka faksi ya pili turekebishe? Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Njia ya kweli sasa ilikuwa ni ile ya kaskazini: upande kivulini, kwa siri, ufike juu wakati jua limeshaupasha ubavu wa pili na hewa yao inapanda kwako, si yako kwao. Lakini kaskazini ni ukuta. Mawe, barafu, baridi ya kuzimu, na mzee wa miaka sitini na tisa mwenye moyo wa kuazima.

Mimi, na nasema hili bila kujificha, nilimpa ushauri wa kibiashara. "Nyamaza. Muache apande kusini kwa raha zake. Atakosa kondoo, atatazama mandhari, atarudi hai. Nani atajua?"

Alisema bila hasira:

"Hakuniomba nimrudishe hai, Burhani. Kaniomba nimpeleke kwa kondoo. Lakini na mimi siwezi kumuua."

Hakuniita mtani. Nikaelewa kwamba siku hiyo hatutaniani.

Siku nne hakufunga robota hata moja. Asubuhi alisimama mbele ya ubavu wa kaskazini wa mlima wetu, anapanga na kupangua maboksi. Mchana alikwenda kwenye ngazi za jengo, orofa tisa, anapanda kwa nyonga yake ile iliyovunjika, kwa sababu alitaka kujua mwili mbovu unakwenda hatua ngapi kabla haujaomba ruhusa. Nilimfuata na chupa ya maji. Alipanda hatua sitini, akasimama, akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti. Akikatishwa na pumzi katikati, anaanza upya. Akiimaliza yote bila kuhema, anapanda tena sitini. Wenye nyumba wakawa wanafungua milango kutazama. Mama mwenye maganda akamletea kigoda. Alipofika kwenye paa akaniambia, "Andika."

Faksi hiyo niliiandika bila kuongeza nukta:

"Mzee William. Nilikosea. Huko kwenu jua liko kusini nami nililihesabu kama la kwetu. Kusini ni rahisi na utakosa. Kaskazini ni kugumu na kunaweza kukuua. Ukienda kaskazini, panda siku mbili, si moja. Lala kwenye lile tambarare dogo juu ya miti, nimeliwekea alama kwenye ramani inayofuata. Kutoka hapo kuna vituo kumi na kimoja mpaka juu. Hatua sitini, simama, sali Baba Yetu kwa sauti ndogo mpaka uimalize bila kuhema. Vituoni kaa, unywe maji. Usifike juu kabla ya saa nne, ndipo upepo utakujia usoni. Kichwa kisitokeze angani, tambaa pembeni ya jiwe. Tafuta aliyelala peke yake, pembe zimekwisha ncha kwa uzee. Ikishindikana kuimaliza sala, rudi. Usinionee haya. Eliudi."

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mstari na nusu: "Kaskazini. Nilipobeba wewe mimi nilipumzika mara mingi. Najua kazi."

Halafu ikawa kungoja. Mwezi wa kumi ukaingia, hewa ya Guangzhou ikawa nzuri, nyepesi, msimu ambao kila mtu anapenda kuishi. Eliudi akawa anaibeba kama gunia. Kila asubuhi tulipita duka la faksi, na msichana wa pale alikuwa akituona tu tunavuka barabara anatikisa kichwa: "Mei you." Hakuna. Neno hilo kila mfanyabiashara analijua, ndilo la kwanza unalofundishwa na masoko ya China, lakini sikuwahi kulisikia likimwingia mtu mwilini vile. Fathiya alimpakulia sahani ya kwanza ikarudi nusu. Tulikwenda Shiling kwa basi kuchukua mabegi, akakagua zipu moja moja kama kawaida yake, lakini jioni nikaona robota alilofunga limelegea pembeni. Mara ya kwanza tangu nimjue. Nilikuwa na mizaha sita tayari ulimini. Nikainama, nikalikaza mwenyewe, nikaenda zangu.

"Unamdhania kafa?" Fathiya aliniuliza jikoni.

"Mimi sidhani kitu."

"Eliudi anadhani. Kaniuliza sisi Waislamu tukimkosesha mtu njia tunaomba msamaha vipi."

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, msichana wa faksi alipokuja mwenyewe stoo anakimbia na ndala. Tukamfuata. Karatasi ilikuwa bado inatoka kwenye mashine, mwandiko ule mkubwa wa mzee, umepinda. Nikasoma kwa sauti, watu wa dukani wote kimya ingawa hawaelewi neno:

"Eliudi. Tulipanda kaskazini siku mbili. Saa nne na nusu mimi juu. Upepo kwa uso, kama wewe sema. Nikatambaa. Kondoo tisa, wote kwa jua, nalala kama mbuzi ya Tabora. Mzee moja iko peke yake, ncha ya pembe imekwisha. Mimi lala nyuma ya jiwe. Moyo kelele sana, naogopa kondoo atasikia. Nikangoja. Halafu mimi"

Mashine ikakoroma ikasimama. Karatasi imekwisha.

"Halafu wewe nini?" nikaifokea mashine. "Umempiga? Hukumpiga?"

"Kashukaje?" Eliudi alikuwa anasema pembeni yangu. "Kashukaje, Burhani? Kupanda si kitu. Kashukaje?"

Msichana akainama chini ya meza, akafungua droo, akafunga, akafungua kabati. Hakuna roli. Akatoka mbio duka la pili. Eliudi ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na mimi nikasoma tena ule ukurasa wa kwanza kwa sauti, nikausoma tena, kwa sababu nilipokuwa nasoma alikuwa anapumua. Msichana akarudi, akaweka roli, mashine ikakohoa.

"piga risasi moja. Kondoo hakuamka. Nikalia kidogo. Mtoto yangu alibeba nyama, mimi nabeba kichwa mpaka kituo tano, halafu yeye anabeba yote. Kupanda, kwa kituo saba Baba Yetu ilinishinda mara tatu. Wewe ulisema rudi. Mimi hapana rudi. Nilikaa, nilikaa, mpaka nikamaliza. Wewe kasirika. Kushuka tulichukua siku mbili, pole pole kama kinyonga. Daktari alinitazama jana, alinitukana, akasema nitaishi. Eliudi, miaka kumi na saba naomba, wewe ndiyo ulinifikisha. Asante. William."

Eliudi alitafuta kigoda kwa mkono bila kukitazama, akakaa. Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikujua kama anacho, kinatoka tumboni, machozi yanashuka. Halafu ghafla akakasirika.

"Nilimwambia arudi! Mara tatu! Mzee gani huyu asiyesikia?"

"Wa kwako," nikasema.

"Chukua kalamu. Mwandikie." Nikaketi. Akafikiri, anafuta macho kwa kiganja. "Mwambie: Nyama ya dume mzee ni ngumu. Aanze kuichemsha asubuhi, moto mdogo, chumvi mwishoni. Asipande tena kitu chochote, hata ngazi za kanisa. Mwambie..." Duka zima likangoja. "Mwambie nashukuru amenipa kazi."

Nikaandika hivyo hivyo. Ndugu zangu, nimeandika barua nyingi, za biashara, za posa, na moja ya kumdanganya mwenye nyumba, na hakuna niliyoiandika kwa uangalifu kama hiyo. Kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mtu ambaye nilimleta China anifungie marobota, akanipatia mke wangu aliyepotea katikati ya nchi nzima, na ambaye ningemfundisha uongo kama angenisikiliza. Namshukuru Mungu kwamba Wanyamwezi ni wabishi.

Yule msichana alichukua karatasi, akatazama machozi ya Eliudi, akanitazama mimi, akauliza kwa Kichina nani amefariki.

"Mei you," nikamwambia.

Akaelewa, akacheka, akaiingiza karatasi kwenye mashine. Nasi tukasimama pale tukiitazama inavyomezwa, mstari kwa mstari, mpaka yote ikaenda.